Kahawa ya Mama, Ingali Mbichi

Ihembe, Jumapili, Julai 1954

Kiangazi kimekaza. Tangu asubuhi hakuna upepo, moshi wa nyasi zinazochomwa huko mbugani umetanda juu ya migomba, na macho yananiwasha. Ningependa kusema ni moshi tu.

Daftari langu, nina nyumba. Mwezi wa tatu sasa naishi katika kibanja nilichonunua mwenyewe, shamba la migomba na nyumba yake, na sijapata raha hata siku moja. Nakaa humo kama mgeni aliyezidisha siku. Leo nitaandika jinsi nilivyokipata, maana sijamwambia mtu.

Baba alipofariki, kibanja chake kilimwendea kaka mkubwa kwa desturi, mdogo wetu akapewa kipande chake, na mimi wa katikati nikaambulia baraka. Mama aliachiwa kahawa ya nyuma ya nyumba, imlishe na kumvisha. Kwa hiyo jirani mmoja alipotangaza kwamba anahamia Uganda na anauza, niliona Mungu amenikumbuka. Nusu ya bei nilikuwa nayo, akiba ya mshahara wangu wa ukarani barazani. Nusu ya pili ikabidi nitafute mtu wa kunikopesha.

Watu wa chama cha kahawa walinijibu kwamba wanamkopesha mwenye kibanja. Nikawaambia kibanja ndicho ninachotafuta. Karani wao akacheka. Mimi sikucheka.

Mjomba wangu wa Rugu, mfugaji, alikuwa tayari kunipa mtamba nimuuze, nije nimrudishie mwingine nitakapoweza, hata baada ya miaka. Faida hakutaka. Alitaka niende na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nipige magoti mbele ya wazee na mama akiwepo, niombe kwa mdomo wangu mwenyewe. Aliniambia, "Ng'ombe hatoki zizini kimyakimya, mpwa wangu." Ndivyo ng'ombe anavyoombwa kwetu, nami nalijua hilo tangu utotoni.

Nikaona haya. Mimi karani, mwenye viatu, ninayeandika mashtaka ya watu, nipige magoti huku wazee wananyonya mirija na kunitazama? Nikamwambia nitakuja. Sikwenda.

Nilikwenda Kayanga kwa Bwana Felisiani, mchuuzi wa kahawa aliyetoka Muleba. Huyo hakutaka magoti wala mashahidi. Alitaka butura.

Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida, na ikiiva mnunuzi anakuja na magunia yake na kuichuma yote. Kila siku ya baraza nawakaripia watu kwa jambo hilo. Nimeandika kesi zao, nimewaita wajinga, nimewauliza kama walikuwa wamelewa. Mimi siku ile nilikuwa sijaonja hata tone.

Na kahawa yangu sikuwa nayo. Niliuza ya mama.

Hati niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko huu unaosifiwa na kila mtu. Nilijidanganya kwamba nitaikomboa kabla matunda hayajaiva. Mama nikamwambia kwamba mwenye kibanja amekubali kungoja nusu iliyobaki. Alinisifu kwa kujua kuzungumza na watu.

Leo baada ya misa nilipita kumwamkia. Nilimkuta ameinama kwenye kahawa, anatandaza nyasi mashinani, mti mmoja baada ya mwingine. Matunda yameanza kuwa mekundu. Nilipomwambia shikamoo alinyoosha mgongo kwa shida, akanikaribisha ndani, akanipa kahawa kavu ya kutafuna katika kile kikapu kidogo cha wageni. Hajawahi kunipa kwa kikapu kile. Nadhani ni kwa sababu sasa nina kwangu.

Akasema, "Mwanangu, kahawa ya mwaka huu ni yako yote. Mpelekee yule mwenye kibanja umalizane naye. Sikukuambia mapema, niliogopa mvua ya mawe isije ikaniaibisha. Nilichokuwa namwomba Mungu ni kimoja tu, usiingie kwenye butura."

Nikajibu, "Asante, mama."

Nilisema hilo tu! Nimesoma miaka yote ile, na nilichopata kumwambia mama ni asante kwa kitu nilichokwisha kumwibia.

Felisiani hana kosa. Hakuniita, nilimfuata mwenyewe. Alhamisi watu wake watakuja na magunia, na ninamjua mama. Atadhani nimemtumia wachumaji wa kumsaidia. Atawakaribisha. Atawamenyea ndizi awapikie, nao watakula, kisha wabebe kila kitu mbele ya macho yake.

Hilo siwezi kuliacha litokee.

Jioni hii nimechukua mtungi wa rubisi kwa jirani. Kesho nitakwenda Rugu kuomba yule mtamba, kama mjomba bado ana moyo wa kunipa, nimuuze, nimrudishie Felisiani fedha zake na faida atakayotaka, nichane ile hati. Huenda mjomba akanikatalia. Atakuwa na haki.

Lakini desturi ni ileile, mama lazima awepo. Siwezi kumtembeza mwendo wote ule, mzee yule na mgongo wake, bila yeye kujua tunakwenda kuomba nini na kwa nini. Nilikimbia magoti ya mara moja mbele ya wazee. Kesho nitayapiga mara mbili, na ya kwanza ni mlangoni kwa mama.