Kwa Nini Sikula Matangani kwa Mama

Greenwood, Mississippi
9 Machi

Mpendwa Dada Ozella,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini ulifika Detroit salama, na magoti hayakusumbui kwa hiyo baridi yenu. Watoto wanaendeleaje? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ingawa nyumba bila Mama imepooza mno.

Najua umeninunia. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Siku ile ya mazishi, pale ukumbi wa kanisa, ulisema mbele ya akina mama wote kwamba nina roho ngumu. Kwamba keki ya mwisho aliyooka Mama kwa mkono wake, ile mliyoitoa kwenye friza mkaigawa, nimeikataa kama makombo ya jirani. Mjomba Rufus naye akadakia kwamba mimi Verlene nikikataa keki basi kiama kimefika. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Dada, niliumia.

Sababu ni hii. Daktari wa moyo aliniambia wazi kwamba bila operesheni ya kupunguza tumbo ili unene ushuke, moyo huu haunifikishi mbali. Bima ikakubali kulipa, ila kwa masharti: miezi sita niende kliniki kila mwezi nikapimwe, na uzito usipande hata ratili moja. Ukipanda, naanza upya. Mama peke yake ndiye aliyejua. Alikuwa akinichemshia maharage bila nyama ya nguruwe, huku akinung'unika kwamba hicho ni chakula cha wafungwa. Tukamzika Jumamosi, na kipimo changu cha mwisho kilikuwa Jumanne. Ningefanyaje mimi? Kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, keki, vyote nikavipita nimekunja mikono.

Jumanne nikapanda mizani. Muuguzi, Bi Latrice, akatazama, akanishusha, akanipandisha tena. Nikajua nimezidi. Kumbe nimepungua! Tangu Mama azidiwe chakula kilikuwa hakinipiti, na sikuona jinsi nilivyokwisha. Bi Latrice akanieleza, machozi yakimlengalenga, kwamba bima ina kiwango cha chini cha uzito pia, nami nimeshuka chini yake kwa ratili mbili. Eti mimi si mnene wa kutosha. Nikamuuliza, je, moyo nao umepona? Akasema hapana, moyo uko vilevile. Jana bima walinijibu rasmi kwamba hawalipi.

Sahani mbili tu za pale ukumbini zingeniokoa, Dada. Silali kwa kuwaza hilo.

Sasa nimeambiwa nirudishe uzito, kisha nianze tena ile miezi sita. Yaani nile. Mimi Verlene, niliyepigwa vijembe kwa kula tangu utotoni, leo naambiwa nile nipate kupona, na siwezi kumeza. Napakua, nakaa mezani mwenyewe, nalia, namwaga. Sijamwambia mtu mwingine. Naogopa kufa, Dada, na aliyekuwa akinibembeleza nile ndiye tuliyemzika.

Nisalimie Shemeji Clarence, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Barua hii usiijibu. Kama hasira zimepungua, panda basi uje, ukae mbele yangu mpaka nimeze.

Ni mimi mdogo wako,
Verlene