Daktari Ametoka Kidogo

Hodge Hill, Birmingham
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mzazi,

Goti linasemaje? Usiniambie halina neno, maana mdogo wangu Kasyoka ameshanichongea kwamba siku hizi unashuka ngazi za kanisa ukishikwa mkono. Na nyanya yangu Susu, bado anagoma kula chakula kisicho na chumvi? Mvua imefika Emali, ama bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine? Mimi mwili ni mzima. Kile kikohozi cha baridi kimeniacha, na miguu huvimba tu siku za shifti ndefu. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo, yapokee kwanza.

Barua hii unaletewa na Mama Brian, yule nesi tunayesali naye, anayekuja Kibwezi kumzika baba yake. Najua utauliza kwa nini karatasi na simu ipo. Mama, wiki hizi nimekupigia mara nyingi nikiwa na neno mdomoni, na kila mara unaniwahi: nani amezaa, nani amekosana na nani, ng'ombe wa nani ameingia shambani kwa nani. Nacheka, nakata simu, neno limebaki palepale. Kwa simu wewe hunishinda. Kwa karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, hata ukiamua baadaye kuwashia jiko.

Unajua nilichofuata huku. Leseni yangu ya ufamasia, ile niliyoisomea mpaka macho yakaomba miwani, huku haifungui mlango wowote mpaka waigeuze iwe yao. Na kuigeuza ni safari: mwaka mzima chuoni tena, halafu mwaka wa kufanya kazi chini ya mfamasia wao, halafu mtihani. Basi chuo kimenikubali, Mama. Habari hiyo niliisomea ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu, nikajikuta Nechells katikati ya maghala nikicheka peke yangu kama mtu aliyerogwa. Kilibaki kitu kimoja tu. Ofisi ya leseni huko Nairobi iwaandikie watu wa huku kwamba Mwikali ni mfamasia safi, hana doa wala kesi.

Na leseni yenyewe unajua iko wapi. Iko ukutani kwako, juu ya kaunta ya duka letu la dawa, ndani ya ile fremu uliyoenda kununua Machakos, kando ya picha yangu ya mahafali.

Mchezo huu hatukuuanzisha sisi. Nitajie kemisti moja hapo Emali ambayo mwenye jina ukutani ndiye anayekuhudumia. Mmoja yuko Nairobi, mwingine ameajiriwa hospitali ya serikali, mwingine alishakufa, Mungu aniwie radhi, na jina lake bado linauza dawa. Mkaguzi akiingia anaambiwa daktari ametoka kidogo. Wewe nawe umelisema neno hilo miaka minne, na kwa ustadi wako ukawa unalitia viungo: ametoka kidogo, ameenda kunywa chai, ametoka kidogo, ameitwa na mgonjwa. Mwaka jana ulimwekea mkaguzi kiti amsubiri, ukanipigia kuniambia alisubiri mpaka njaa ikamfukuza. Tulicheka sote wawili. Na mimi kila mwaka mpya ninailipia leseni hiyo nikiwa hapa kitandani, kwa simu. Karo ya Kasyoka imetoka humo dukani, na dawa za Susu, na mabati mapya. Sijasahau hata kimoja.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana huwa nakuambia tu kwamba niko sawa. Asubuhi napanda treni mpaka Sutton Coldfield, kwa watu wenye bustani mbele na nyuma, kumhudumia mzee mmoja Mhindi aliyezaliwa Nakuru. Namwogesha, namvalisha, namkorogea chai ya tangawizi, halafu nampa vidonge vyake. Vinatoka famasia vikiwa vimeshapangwa kwenye karatasi ya plastiki, kila asubuhi na kishimo chake. Mimi natoboa, nampa, natia sahihi kwamba amemeza. Akiuliza ni vya nini, sheria ya kazi yangu inasema nimwambie aulize famasia. Najua kila kidonge kinafanya nini tangu kinapoingia tumboni mpaka kitoke, na ninamwambia aulize famasia. Alipojua nimesomea nini alinitazama sana. "Wewe kwisha soma dawa yote," akasema kwa kile Kiswahili chao, "halafu kuja huku koroga chai yangu?" Tangu siku hiyo ananiita daktari, na kila akiniita moyo unaniuma.

Mwezi uliopita, Mama, ulinisimulia habari ya Mzee Kilonzo wa stoo ya mahindi. Uliisimulia ukicheka, kwamba alikuja kuchukua dawa zake za presha, zake zikawa zimekwisha, ukampa nyingine kwa kuwa ni ndogo na nyeupe kama zile, na kesho yake akaanguka sokoni juu ya nyanya za watu. Amepona, ukasema, hata nyanya amelipa. Nilikuwa kituo cha basi hapa Hodge Hill. Basi lilikuja, likafunguka, likafunga, likaenda, mimi nimesimama tu. Sikukugombeza siku ile na sikugombezi leo, kwa sababu hukusomea kazi hiyo. Aliyeisomea alikuwa ametoka kidogo. Kama Mzee Kilonzo angekufa, angekuwa ameuawa na mimi, maana jina lililo juu ya kaunta ni langu.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo siku Nairobi waliponipigia. Nilikuwa jikoni kwa mzee, nimeshika vidonge vyake mkononi. Alikuwa mama mmoja wa ile ofisi, mpole, sauti kama ya shangazi wa mtu. Akaniambia ameangalia ombi langu, kila kitu kiko sawa, isipokuwa jambo moja dogo.

"Kompyuta inaniambia wewe ndiye msimamizi wa kemisti Emali, uko kaunta kila siku," akasema. "Na hapa umeandika unafanya kazi Birmingham. Sasa dada, wewe uko wapi hasa?"

Nikavihesabu upya vile vidonge. Yeye mwenyewe akanihurumia, akanifungulia njia, akasema pengine niko likizo fupi tu, niseme hivyo aandike hivyo, tumalize. Mama, nilikuwa na neno tayari. Lile lile lako. Nimetoka kidogo. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikamtazama mzee wangu, amenyoosha kiganja anasubiri dawa, haulizi, ananiamini tu. Nikamwona Mzee Kilonzo hivyo hivyo, mbele ya kaunta yako.

"Niko Birmingham," nikamwambia. "Miaka minne sasa."

Nilimsikia akichapa kwanza. Kisha akasema, bila ukali, afadhali nijiondoe mwenyewe kwenye ile kemisti kabla wao hawajaniondoa, na kwamba sasa ombi langu haliko tena mikononi mwake, litaenda mbele ya wakubwa wake. Kama wataniandikia ile barua ya usafi au watanifungulia kesi, hajui. Akanitakia siku njema. Nilimpa mzee vidonge, nikatia sahihi, nikaingia bafuni kwake nikalia mpaka akanigongea mlango kwa mkongojo.

Mama, nimeshajiondoa. Ndilo neno ninalolibeba wiki hizi zote. Nilifanya jioni ileile kabla sijakuuliza, kwa sababu nilijua nikikuuliza utalia na nitarudi nyuma. Kemisti yetu sasa haina mwenye leseni, na wakaguzi watakuja kuifunga, pengine kabla Mama Brian hajafika kwako na barua hii. Nikasirikie. Una haki. Uliuza ng'ombe wa Baba ili nisome, na matunda ya ng'ombe huyo ndiyo nimeyakata kwa kidole changu mwenyewe.

Na usidhani nimekuuza ili mimi nipite. Chuo hakinisubiri. Wakubwa wa Nairobi wakichelewa, nafasi inaenda kwa mwingine, na wakikataa, basi nitakuwa nimefunga mlango wa nyumbani na huu wa huku sijaupata. Nitabaki kutoboa vidonge na kukoroga chai. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakutuambia kwamba asiyeficha naye anaweza kukosa mtoto. Siwezi kukudanganya kwamba nina amani. Usingizi sina, chakula hakina ladha, na nikifikiria Kasyoka na muhula wake wa mwisho natamani kumpigia tena yule mama nimwambie nilikuwa nafanya mzaha.

Sasa nisikilize. Usiuze chochote kilichobaki humo, hata panadol, hata kwa Mama Ndinda akikusihi. Rudisha dawa kwa yule wa jumla anayekuletea, ni mwelewa. Mzee Kilonzo mpeleke hospitali mwenyewe, umshike mkono, wampime upya, na usimwambie ni mimi niliyesema. Leseni iteremshe, uifunge kwenye leso, uiweke sandukuni pamoja na vyeti vya Baba. Picha ya mahafali iache pale pale. Ile si ya serikali.

Nisalimie Susu, umwambie chumvi nimemkataza mimi, sio wewe, anichukie mimi. Kasyoka, kitinda mimba wetu, mwambie sijamtupa, nitaongeza shifti za wikendi. Mjomba Muthama wa posho mill, pale kusagia unga, mwambie lile koti lake liko kwa Mama Brian. Msalimie pia dada yako, Mama Mutheu, na mwinjilisti wetu, waniombee bila kuuliza sana.

Na wewe Mama, wakaguzi wakija, usihangaike kumwekea mtu kiti. Wakikuuliza daktari yuko wapi, wewe uliyenisemea miaka yote hii, nakuomba unisemee mara moja tu ya mwisho. Usiwaambie ametoka kidogo. Waambie alitoka siku nyingi, na mamake hajui atarudi lini.

Ni mimi mwanao,
Mwikali