Salamu za Mama Yako

Kagongwa

Mwanangu Lusia,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Huku mpunga umekubali, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama Magesa jirani ananiletea michembe ya viazi vitamu. Anadhani mwanamume hawezi kujipikia, na hajakosea sana.

Barua yako haina kosa hata moja. Uliniambia kwenye simu kwamba kompyuta ya ofisini kwenu Geita siku hizi ina msaidizi: unamwambia tu "mwandikie baba", naye anaandika. Ni fundi kweli. Ila mwishoni ameandika, "Nisalimie mama, mwambie ajitunze." Nadhani hukumwambia kwamba mama yako tulimzika wakati wa palizi. Nadhani pia hukuisoma kabla ya kuituma.

Sikukasirika. Lakini kwetu salamu ikitumwa lazima ifike. Jioni nilikwenda kule kwenye ua wa minyaa, nikasimama kaburini, nikamwambia, "Lusia anakusalimu, anasema ujitunze." Kisha nikakaa kidogo, kama anavyokaa mtu aliyeleta salamu.

Jibu lake njoo ulichukue mwenyewe.

Baba yako,
Masele