Mapichi Kutoka Arusha

Busale, Kyela
19 Februari 1994

Kaka Hebroni,

Ugonile. Sisi tupo. Mvua haikatiki, na mpunga umesimama vizuri.

Lile boksi ulilomkabidhi kondakta limefika Jumatano. Limekaa wiki nzima njiani, na kwa joto hili la Kyela nilijua nitafungua uozo mtupu. Lakini mapichi yote yalikuwa mazima, harufu yake ikajaa chumba. Kumbe kweli hiyo mifuko ya vitundu, mnayofungia matunda ya kwenda Ulaya, inazuia kuoza. Majirani walikuja kuipapasa. Ndaga fijo, asante sana.

Mama hawezi tena kutafuna. Nilimpondea pichi moja kwa kijiko, akala kidogo, kisha akauliza, "Hebroni mwenyewe yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba kazi zimekubana, ila umetuletea matunda kwenye mfuko usioruhusu kitu kuharibika.

Akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. "Basi mwambie ajitie humo, na yeye afike."

Halafu akageukia ukutani, akalia.

Nimechoka, kaka. Namgeuza, namwosha, na kila asubuhi namdanganya kwamba utakuja. Jana mchungaji alikuja kumpa chakula cha Bwana, na mashangazi wameanza kulala hapa kwetu. Unajua maana yake.

Mapichi yaliyobaki nimewagawia wao. Usitume kitu kingine. Panda basi.

Mdogo wako,
Yunis