Mafuta Tuliyoyakataa Shianda

Mpendwa Shangazi Rispa,

Jana kanisani mfadhili mmoja alisifiwa mno, nikakukumbuka. Ungeninong'oneza, "Huyu anatakanga nini?"

Nilikumbuka miaka ile ya tisini, Nafula wa jirani aliporudi Shianda na mimba na sanduku la nguo. Kiwanda cha mafuta ya kupikia kilikuwa kimemfukuza kwa ajili ya hiyo mimba. Meneja akasema redioni kwamba mwanamke akitaka kuzaa, akae kwake. Ulizima redio. Jumapili ukawaambia akina mama, "Mafuta yao hayaingii tena jikoni kwangu." Tukala mboga zilizopikwa kwa maziwa, na wanawake wakakufuata kuyakataa, kutoka kwetu mpaka Butere.

Ndipo Wekulo mwenye duka akaanza kuleta soda kwenye mikutano yenu ya kuyakataa mafuta. Wenzako walimpigia vigelegele, wewe hukuonja. Ulinishika mkono tukaenda dukani kwake, tukakuta rafu zimejaa mafuta ya kampuni nyingine.

"Na hawa, Wekulo, mwanamke akishika mimba wanamfanyanga nini?"

"Mama, mimi nauza tu."

"Basi na haya tunayakataa mpaka ujue."

Uliporudia maneno hayo mkutanoni, wengi waliondoka. Mama Robai, rafiki yako tangu usichana, akasema mbele ya watu kwamba kiwanda kimekununua uwapige vita washindani wake. Njiani ulitembea umeshika kiuno, nami nikaanza kumchunguza kila aliyetuchekea.

Nafula alipokwisha kujifungua, redio ikatangaza kwamba kiwanda kimelegeza kamba, waliofukuzwa warudi. Shianda ikalipuka kwa nyimbo, na jioni ile mafuta yale yalinukia kila boma. Kesho yake wewe ulijifunga leso, ukampeleka Nafula na kichanga chake hadi langoni mwa kiwanda. Askari akasema hana habari. Ukaketi chini palepale.

"Mwambie meneja aje anieleze kama redio ilidanganya."

Alasiri meneja akatoka, akaona watu wamejaa wakitazama, akamwita Nafula ndani arudi kazini. Ulirudi nyumbani na mtoto wake mgongoni.

Nilikuuliza, "Sasa umeamini, Shangazi?"

"Nimeamini mlango umefunguliwa leo. Kesho nitauliza tena."

Na kweli ulienda.

Siku hizi kampuni zinatangaza jinsi zinavyowapenda wanawake, nami siwezi kupiga makofi. Shaka yako imenikaa mwilini. Wakati mwingine inanichosha, maana hata mtu mwema namtazama mara mbili. Natamani ungenifundisha pia namna ya kuamini. Labda hata wewe hukuijua. Lakini siku ile walioamini walikuwa majikoni wakipika, na bila wewe Nafula angebaki nyumbani akingoja kuitwa.

Pumzika, Shangazi. Huku bado tunauliza.

Mtoto wa kaka yako