Koti Lililokuja na Farasi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Baba kimepungua, na ukitaka kujua dawa iliyomponya, ni huyo farasi uliyemtumia.

Alifika Jumanne asubuhi, akashuka kwenye lori kwa madaha, na Baba akamwita Bibi Harusi papo hapo. Mimi nimewalisha farasi wa Baba miaka kumi na moja, nimeng'atwa, nimekanyagwa hadi ukucha ukang'oka, sijasikia hata ahsante ya kuazima. Siku hiyo Baba alibeba kiti chake cha barazani, akakiweka mbele ya banda tulilomtengea mgeni mbali na wenzake, akakaa kumtazama akila. Akaniambia kuwa wewe una mkono wa farasi, na mkono haufundishwi. Nikaitikia, nikaenda kuzoa mavi.

Maagizo yako niliyasoma, kurasa mbili nzima. Asichanganywe na wengine wiki tatu, apimwe joto asubuhi na jioni, atazamwe pua. Nilijiuliza ni nani aliyekufundisha kupima joto la farasi kama si mimi. Hata hivyo nilipima. Joto lilikuwa sawa, pua kavu, hakohoi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku mbili alionja maji tu, ya tatu akagoma kabisa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nilimkuta akigeuka kutazama ubavu wake na kuparura sakafu kwa kwato. Ufizi ulikuwa umekauka, na ngozi ya shingo ukiivuta ilichelewa kurudi. Daktari wa mifugo alikuja, akamsikiliza tumbo, akasema limenyamaza. Akaniuliza mbele ya Baba kama chakula chake kilibadilishwa ghafla. Nikasema hapana. Akampitishia mpira puani, akamtilia maji na mafuta, akasema asipopata choo mpaka jioni tujiandae kwa lolote.

Tulimtembeza uani, Baba ameshika kamba. Baada ya mizunguko mingi akasema kuwa bila shaka wewe ulimtuma akiwa mgonjwa ukatuficha. Mdogo wangu, nimetamani miaka yote kumsikia Baba akikulaumu. Nilimwacha aamini hivyo, na sitakudanganya, lilinipendeza.

Sasa nisikilize. Yale magunia mawili ya nyasi za huko, uliyotuma ili tumchanganyie kidogo kidogo mpaka azoee za kwetu, niliwamwagia mbuzi siku ile ile alipofika. Na koti lako kuukuu, ulilosema nilitundike kando ya ndoo kwa sababu hanywi ugenini asiponusa kitu anachokijua, nililisukumia chini ya kabati la hatamu. Nilitaka anizoee mimi. Nilimwonea wivu mnyama, nikakuonea wewe zaidi, na karibu nimuue.

Mchana ule Baba alipokwenda kukojoa, nililitoa koti nikalivaa. Farasi aliinua kichwa, akanifuata mpaka kwenye ndoo, akanywa. Saa kumi na moja alipata choo, na Baba akayafurahia mavi yale kama aliyeletewa mjukuu. Sasa ni mzima, ila hanywi mpaka nilivae koti. Nikilivua ananipa kisogo.

Jana Baba aliniona nikimnywesha. Alisimama mlangoni, akasema kumbe na mimi nina mkono. Hajui koti ni la nani. Na kama umeshangaa kwa nini hajakuandikia kushukuru, ni kwa sababu bado anaamini ulimletea mgonjwa.

Nitamwambia yote, ya mbuzi, ya kabati na ya koti, na nitamwambia mwenyewe. Ila nivumilie mpaka Jumapili, mdogo wangu. Ni siku nne tu. Wewe umekuwa na mkono tangu ulipozaliwa.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Wasalimie wote hapo kazini.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokuchukia