Mchanga Mweupe Ulipolala

Kwako mama Zaituni, mke wangu,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Binti yetu alitaka kuniandikia nikamkatalia. Mtu aliyechimba visima vya Bangwe nzima atashindwa na kalamu? Darasa la pili niliachia njiani, lakini herufi zangu zinasomeka, kubwa kubwa.

Unakumbuka kazi yetu. Mimi shimoni, wewe juu umeshika kamba. Kwanza ulishusha kibatari. Kikizima ulinizuia: "Hewa ya humo nzito, imelala chini, itakumaliza." Nilibisha sana, lakini sikuingia. Kila ndoo uliimwaga kwenye fungu lake: udongo mweusi, mwekundu, kokoto, mwisho mchanga mweupe. Huo uliuminya kiganjani. "Simama hapo, baba Zaituni. Maji haya." Watu wakanisifu mimi, nami nikazibeba sifa zote. Leo ndio nasema, aliyejua ni wewe.

Na ile siku Zaituni kaja likizo kutoka Mwandiga, na ualimu wake. "Baba, chini kabisa kuna moto wa kuyeyusha mawe. Tunapokanyaga ni utando tu, kama wa uji uliopoa. Hapa kwetu utando ulivutwa huku na huku, ukapasuka, katikati pakadidimia. Ndimo lilimo ziwa."

"Wewe umefika huko chini?"

"Hapana, baba."

"Basi mimi ndiye nimefika."

Ulicheka mpaka ungo ukakuponyoka. "Umefika urefu wa mchikichi mmoja, mzee, na ulitoka unatetemeka!"

Siku tuliyokuzika niliwafukuza majirani na majembe yao. Kaburi la mke wa fundi anachimba fundi. Nikapita mweusi, nikapita mwekundu, nikapita kokoto. Shehe akasema, "Mzee, panatosha." Sikumsikia. Nilitaka ulale penye mchanga mweupe, msafi. Kilikuwa kiangazi, mchanga mkavu kama unga, ziwa liko mbali kule. Nilijisifu hapo hapo, mbele ya watu, kwamba kaburi kama lile halijachimbwa Ujiji wala Kigoma.

Nawe ulikwishaniambia, kwenye kisima chetu cha uani: "Ziwa likipanda na kisima kinapanda. Maji yanapita kwenye mchanga huu." Nilikujibu kwamba mwanamke hanifundishi udongo.

Mama Zaituni, ziwa limepanda. Limemeza njia ya mwaloni wanakoshushia samaki, limemeza migomba ya jirani. Nimepanga viroba vya mchanga mbele ya kaburi lako, mstari mrefu, mzuri, watu waje wauone. Juu maji hayajafika. Lakini jana nilichimba kidogo pembeni ya kaburi, nikaingiza mkono. Ukatoka mchanga mweupe, umelowa. Nikauminya kama ulivyokuwa unauminya. Maji hayakuja kwa juu. Yamepita chini ya viroba vyangu, kwenye njia ya mchanga nilimokulaza mimi mwenyewe.

Shehe anasema nikuache, umeshapumzika. Zaituni anasema nihamie kwake Mwandiga. Nimewakatalia wote, na sina ninachofanya. Nakaa tu hapa na ndoo. Maji ya ziwa zima nitayachota niyamwage wapi?

Miaka yote mimi nilikuwa chini na wewe juu, ukiona hatari unanivuta. Sasa wewe uko chini, mimi niko juu, na kamba sina.

Nisamehe. Lala, mama.

Ni mimi mumeo, fundi visima,
Baba Zaituni